Kupokelewa si Kuhesabiwa, Shosti!

Mpenzi msomaji, mwezi huu nina kisa cha shosti wangu aliyeko Houston, Marekani. Alisoma miaka miwili chuo cha jamii, akaolewa, akazaa, masomo yakasimama. Juzijuzi akaamua kumalizia digrii kwa mtandao, usiku mtoto akishalala. Chuo kikamwambia: "Krediti zako 60 tumezipokea." Mumewe akalipa ada kwa furaha.

Kumbe! Digrii ya kwanza kule kwa kawaida ni krediti 120, na ndani yake kuna masomo ya jumla ambayo kila mwanafunzi lazima ayapitie: uandishi, hisabati, sayansi na kadhalika. Krediti zake nyingi ziliwekwa fungu la masomo ya hiari, kwa hiyo hisabati akaambiwa arudie. Nyumbani hakukukalika.

Alikata rufaa na mihtasari ya masomo ya zamani mkononi, hisabati ikakubaliwa. Lakini ugomvi ulishatokea.

Dada, kabla senti haijatoka, dai tathmini ya maandishi inayoonyesha kila somo limejaza nafasi gani. Kisha isome na mwenzio. Tukutane mwezi ujao!