Busta si mganga!

Juzi kijana mmoja kanisimamisha njiani, kashika mshiko wake mkononi, anataka kukimbilia dukani. "Braza, TV yangu ya kebo inasumbua, nikanunue busta?" Nikamwambia subiri kwanza bwana mdogo, nikupe mkasa ulionikuta mwenyewe. Na wewe msomaji vuta kiti.

Mwaka 2009 nilikuwa nimepanga Kirumba, Mwanza. Vyumba vinne, wapangaji wanne, TV nne. Mwenye nyumba alikuwa ameandikishana na kampuni ya kebo: waya mmoja, bili moja, nasi tunachanga sawa kwa sawa kila mwisho wa mwezi. Waya uliingilia chumbani kwangu. Hapo ukapigwa spilita, njia moja kwangu, ya pili ikaenda kwa jirani. Kwa jirani spilita nyingine, ikaenda chumba cha tatu. Cha tatu nacho kikampa Mama Asha, kule uani.

Kwangu picha ilikuwa bomba, unahesabu mpaka vifungo vya shati la mtangazaji! Kwa Mama Asha chenga tupu, kama mtu anapepeta mchele mbele ya kioo. Kila tukichanga analalamika, "Jamani wanangu, mimi nalipa kama nyie, mbona sioni kitu?" Sisi vijana tunacheka. Tunamwambia TV yako kimeo, mama, uza ununue nyingine.

Mwezi mmoja akagoma kutoa. Mwenye nyumba akaja juu, asiyelipa akatiwe waya! Ikawa noma. Mama wa watu anauza vitumbua tangu alfajiri, starehe yake ni tamthilia ya jioni tu, na hiyo nayo haioni. Akanuna, na sisi tukanuna. Hata salamu zikakatika pale uani.

Tukaona yaishe. Tukachanga elfu tano tano, tukanunua busta. Fundi akaifunga nyuma ya TV ya Mama Asha, akawasha... ebwana eeh! Chenga zikawa kubwa zaidi, na sauti inakwaruza. Fundi akasema TV mbovu, akachukua chake, akaishia.

Aliyetuokoa ni kijana wa kampuni aliyepita kukusanya bili. Akamwamkia Mama Asha, akafuata waya chumba kwa chumba, kisha akaniuliza, "Kaka, chapati moja watu wanne mnagawanaje?" Nikabaki nimeduwaa.

Akafafanua. Spilita ya njia mbili inakata nguvu ya mawimbi nusu kwa nusu, na kidogo inapotea humo humo. Mimi wa kwanza nilikuwa nakula nusu nzima. Jirani akapata robo. Wa tatu na Mama Asha wakaachiwa thumni kila mmoja, tena haitimii. Juu ya hapo, waya wa kwenda uani ulikuwa mrefu, mwembamba, na konekta yake imeota kutu kwa mvua. Kilichomfikia mama yule ni makombo!

Sasa busta kazi yake ni kukuza kile inachopewa. Ukiipa picha safi inakuza picha. Ukiipa chenga inakuza chenga, na yenyewe inaongeza zake kidogo. Haina macho ya kuchagua. Kilichokwisha kupotea njiani hairudishi.

Akang'oa spilita zote tatu. Akafunga moja ya njia nne pale waya unapoingilia, kila mmoja akapata robo yake, pungufu kidogo. Busta akaihamisha ikakaa kabla ya spilita, mahali mawimbi bado safi. Waya wa uani ukawekwa mnene, konekta mpya. Jioni ile Mama Asha aliona tamthilia yake kama yuko sinema.

Unadhani alishukuru? Alituangalia tu, akasema, "Haya, na zile pesa za miezi yote ile?" Kimya! Tulimlipia miezi miwili, na haikutosha kufuta kicheko chetu.

Kwa hiyo wewe unayetaka kukimbilia dukani, nisikilize. Kwanza chomeka TV moja kwa moja pale waya unapoingia ndani, bila spilita. Kama hapo pia picha ni mbaya, usitoe hata senti, iite kampuni, tatizo ni lao. Kama hapo ni safi na chumbani ni chafu, tatizo ni lako. Kagua konekta, punguza spilita, badili waya mwembamba. Mara nyingi dawa inaishia hapo. Busta nunua mwisho, na ifungwe mwanzoni mwa waya, si nyuma ya TV.

Usidanganyike kwamba kubwa ndiyo bora. Nguvu ikizidi TV inalemewa, stesheni zinaingiliana. Na kama waya huo huo unakuletea intaneti, ulizia busta inayopitisha pande zote mbili, maana modemu nayo inatuma, haipokei tu.

Jambo la mwisho. Mitambo ya kidijitali haionyeshi chenga kama ya zamani. Picha inakuwa safi, mara inakatika vipande vipande, inaganda, inapotea kabisa. Usije ukasema king'amuzi kimekufa. Inawezekana ni konekta ya kutu tu.

Na jirani yako wa uani akikwambia haoni, usimcheke. Ingia ndani kwake uangalie kwanza. Tukutane wiki ijayo!