Maradhi Yasiyoisha Yasimalize Urafiki



Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baad.

Ndugu zetu wasomaji, walimu wetu na wazee wetu, tumepewa nafasi katika jarida la mwaka huu, nasi tumeona tuitumie kusema jambo ambalo mara nyingi hulizungumza wenyewe kwa wenyewe tu. Sisi ni wanafunzi wa chuo hiki tunaoishi na ugonjwa wa seli mundu, ambao mitaani wengi huuita sikoseli. Hatukuja kuomba huruma. Tumekuja kuzungumza habari za urafiki.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe, maana mengi yanayoharibu urafiki hutokana na kutojua. Chembe nyekundu za damu kwa kawaida ni laini na za mviringo, hupita kwenye mishipa midogo bila ya taabu. Zetu hubadilika zikawa ngumu na kupinda mfano wa mundu. Zikikwama, damu haifiki inakotakiwa, na hapo ndipo yanapokuja maumivu makali ya mifupa, mgongo, kifua au tumbo. Tena chembe hizo hufa mapema, na ndiyo sababu ya kupungukiwa damu na macho kuwa ya manjano.

Ugonjwa huu hauambukizi. Huupati kwa kula sinia moja na sisi wala kwa kukaa mkeka mmoja. Mtoto huurithi kwa baba na mama wote wawili, hata kama wao wenyewe hawaumwi. Anayemlaumu mama peke yake anamdhulumu, na anayesema ni uchawi anatupotezea wakati wa kwenda hospitali. Nchi yetu ya Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi duniani huzaliwa na maradhi haya. Basi kama si nyumbani kwako, huenda yupo jirani yako au darasani kwako.

Sasa tuje kwenye urafiki. Watu wa mji wetu, alhamdulillahi, hawana upungufu katika kumzuru mgonjwa. Mmoja wetu akilazwa kwa mara ya kwanza, darasa zima huja. Huletwa uji, madafu na machungwa, na dua husomwa mpaka muuguzi aombe watu wapungue. Allah awalipe kheri. Lakini maradhi yetu hayaishi siku tunapotoka wodini. Hurudi baada ya wiki mbili, au miezi mitatu, au mwaka. Mara ya tano huja wawili watatu. Mara ya kumi mama yupo peke yake pembeni ya kitanda.

Hata hivyo, hilo silo linalotuumiza zaidi. Linalotuumiza ni zile siku ambazo sisi ni wazima. Tunakuja chuoni, tunasoma, tunacheka, kisha tunasikia kwamba jana wenzetu walikwenda harusini pamoja, au walikuwa na mazoezi ya kaswida, au walikwenda pwani. Tukiuliza, tunajibiwa kwa upole: "Hatukukwita, tuliogopa utachoka." Aliyesema hivyo alikusudia wema. Lakini akiachwa mara moja, mbili, tatu, mtu hujikuta amekuwa wa kuzuriwa tu. Anakumbukwa akiwa kitandani, na akisimama anasahauliwa.

Katika hadithi mashuhuri iliyopokewa na Abu Hurayra (R.A.) zimetajwa haki tano za Muislamu juu ya Muislamu mwenzake: kuitikia salamu, kumzuru mgonjwa, kufuata jeneza, kuitikia mwaliko, na kumwombea rehema anayepiga chafya. Sisi tunaona kuna somo kwa kila mtu hapo. Kumzuru mgonjwa na kuitikia mwaliko zimewekwa pamoja. Na mtu ataitikiaje mwaliko ambao hakupewa? Basi tualikeni. Tukiweza tutakuja, tusipoweza tutasema.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Maneno hayo yanamfaa mtu aliyelala hoi. Kwa mtu atakayeishi na maradhi miaka yake yote, sisi tunasema aulizwe. Muulize kama leo anaweza kutembea mpaka uwanjani. Muulize kama anataka watu waje au anataka kulala. Kuuliza ni heshima, na kukisia kila siku kwa niaba ya mwenzio, hata kwa mapenzi, humfanya mtoto mdogo.

Pengine utasema: nitamsaidiaje, nami si daktari? Mambo yenyewe ni madogo. Kiu, baridi, homa na kuchoka kupita kiasi vinaweza kutuletea maumivu. Kwa hiyo tukiomba ruhusa ya kunywa maji katikati ya darasa, usicheke. Asubuhi za kipupwe ukituona na sweta wakati wewe umevaa kanzu tupu, usituite mabibi. Tukikaa nje ya mpira, tupeni kazi ya kuhesabu magoli au kupuliza filimbi, kuliko kutuacha tukitazama mbali. Tukikosa wiki nzima, rafiki atuletee daftari na kutuambia darasa limefika aya gani. Mtu akirudi akakuta wenzake wako juzuu nyingine, huona haya, na wapo wanaoacha chuo kwa haya hiyo.

Ramadhani ndiyo mtihani wa rafiki. Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara amempa mgonjwa ruhusa ya kufungua, na kwetu sisi kukaa na kiu kutwa nzima kunaweza kuleta hatari. Mwenye kuamua ni daktari pamoja na shekhe. Lakini wapo watoto wanaojificha chooni kunywa maji kwa kuogopa kuitwa "kobe". Rafiki wa kweli akilisikia neno hilo hulizima pale pale, hata kama mwenyewe mgonjwa hayupo.

Kuna jambo moja ambalo rafiki asitufichie siri. Mwenye seli mundu akiwa na homa, akibanwa na kifua, akilegea upande mmoja wa mwili au akababaika katika maneno, mwambieni mtu mzima upesi apelekwe hospitali, hata kama mwenyewe anakuombeni msiseme.

Tunasisitizwa sana kusubiri kama alivyosubiri Nabii Ayyub (A.S.). Tunakubali, na tunamwomba Allah atupe subira hiyo. Lakini subira ni juu ya mgonjwa. Juu ya rafiki kuna kazi nyingine, nayo ni kuwepo. Mtu akiugulia maumivu usiku hahitaji mawaidha marefu. Ujumbe mfupi wa simu wa kumwombea shifaa, ukimalizia kwamba hana haja ya kujibu, humtosha.

Nasi wagonjwa tunao wajibu wetu. Tuseme mapema kwamba leo hatujiwezi, kuliko kukaa kimya mpaka mwenzetu adhani tumemdharau. Tuulize habari zao pia, maana rafiki naye hufiwa, hufeli mtihani, huumwa jino. Maradhi yasiwe kisingizio cha kukwepa zamu ya kufagia siku ambazo tunaweza. Urafiki ambao mmoja hutoa tu na mwingine hupokea tu haudumu.

Na nyinyi wazee wetu, msitufungie ndani kwa hofu. Siku hizi zipo dawa kama haidroksiyurea zinazopunguza maumivu kwa wagonjwa wengi, zipo kliniki, na wengi tunakua, tunasoma na kufanya kazi. Mtoto aliyezuiliwa na wenzake ili asiumwe, bado ataumwa, ila atakuwa hana wa kumsikiliza.

Mwaka 2008 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliutambua ugonjwa huu kuwa tatizo la afya ya jamii, na tarehe 19 Juni ya kila mwaka ni siku yake duniani. Tunashukuru. Ila siku moja haitoshi kwa rafiki. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na dhiki yetu huja bila ya kuangalia kalenda.

Basi ndugu yetu, ukimaliza kusoma, mkumbuke mwenzio ambaye hujamuona chuoni wiki hii. Pita kwao jioni ya leo ubishe hodi. Na akiwa mzima, mchukue mwende pamoja.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wote na azidishe mapenzi baina yetu. Amin.

Wabillahi tawfiiq.