Mpiga Picha Naye ni Msanii

Wapo wanaoshikilia kwamba upigaji picha ni ufundi tu, wala haustahili kuitwa sanaa. Mchoraji, wanasema, huanza na karatasi tupu na kila mstari hutoka mkononi mwake, ilhali mpiga picha hukuta vitu vipo tayari, akabonyeza kitufe, mashine ikamaliza kazi. Madai hayo yana umri karibu sawa na kamera yenyewe. Mwaka 1859, miaka 20 tu baada ya uvumbuzi wa Louis Daguerre kutangazwa mjini Paris, mshairi Charles Baudelaire aliandika kwamba upigaji picha ubaki kuwa mtumishi wa sayansi na sanaa, usijitie katika mambo ya ubunifu.

Suala hilo liliwahi kufika hata mahakamani. Mwaka 1882 Napoleon Sarony, mwenye studio jijini New York, alimpiga picha mwandishi Oscar Wilde. Kampuni ya uchapaji ya Burrow-Giles ikatoa maelfu ya nakala za picha hiyo bila idhini, na iliposhtakiwa ikajitetea kwamba picha ni zao la mashine, haina mtunzi. Mwaka 1884 Mahakama ya Juu ya Marekani iliitupilia mbali hoja hiyo. Majaji waliangalia yaliyofanyika kabla ya kamera kufyatuliwa: ni Sarony aliyemkalisha Wilde vile, aliyechagua mavazi na mapazia, aliyepanga mwanga na kivuli. Kamera haikuamua hata moja kati ya hayo. Majaji hawakusema kuwa kila picha ni kazi ya ubunifu, na walifanya vyema. Kipimo walichotuachia ni maamuzi ya binadamu, si aina ya chombo alichoshika.

Tukitumia kipimo hicho kwa Seydou Keïta wa Bamako, Mali, jibu linajitokeza lenyewe. Keïta alijifunza useremala, na mwaka 1948 akafungua studio ya picha. Kamera yake ilikuwa kubwa, ya kusimamishwa, na filamu ilikuwa ghali, hivyo mara nyingi mteja alipigwa picha moja tu. Kosa halikuwa na nafasi. Alitegemea mwanga wa jua uani, na nyuma ya mteja alitundika kitambaa. Cha kwanza kilikuwa shuka lake la kitandani lenye nakshi. Mwanamke aliyevaa gauni la maua alipokaa mbele ya kitambaa cha maua, nguo na kitambaa viliungana, ukabaki uso na mikono kuita jicho. Wateja aliwageuza kidogo ubavu, akawapa saa, redio au kalamu ya kushika. Mtu akizitazama picha hizo leo anatambua mkono wa Keïta kabla ya kuambiwa jina, kama anavyotambua mtindo wa mshairi anayemfahamu.

Yupo atakayeuliza: sasa kila mwenye simu ni msanii? La. Watu wengi wanajua kuandika barua, lakini hilo halijaufanya ushairi usiwe sanaa. Wingi wa picha za ovyo unaonyesha urahisi wa chombo, hauthibitishi udogo wa fani. Mwingine atasema picha nzuri ni bahati. Ni kweli, bahati inaweza kumpa mtu picha moja, pengine mbili. Haiwezi kumpa maelfu ya picha zenye msimamo mmoja, kama alizoacha Keïta.

Ubishi huu una madhara yake. Mwaka 1991 picha za Keïta zilionyeshwa New York zikiwa na maelezo kwamba mpiga picha hajulikani, na mwenyewe alikuwa hai Bamako. Jina lake lilikuja kuenea baadaye, hasa baada ya maonyesho ya Paris ya mwaka 1994. Hapa kwetu kosa hilo hurudiwa kila siku. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaihesabu picha miongoni mwa kazi za sanaa, na ya Tanzania ya mwaka 1999 nayo inazilinda picha. Hata hivyo, ukifungua magazeti na tovuti zetu utakuta chini ya picha pameandikwa “Picha: Mtandao”. Mtandao haupigi picha. Yupo mtu aliyesimama juani au mvuani, akachagua pembe, akasubiri wakati wake. Wahariri wasingethubutu kuchapa shairi na kuandika kwamba mtunzi ni mtandao. Basi wampe na mpiga picha haki ileile: jina lake chini ya kazi yake, na malipo yake kwa wakati.