Jamaa Zetu wa Likizo

Kila ufikapo msimu wa likizo, jamaa zetu waliohamia Maskati, London na kwengineko hurejea Unguja kwa majuma machache, na baadhi yao, kwa kuchelea kuwataabisha ndugu, hukodi vyumba katika mahoteli ya Nungwi, wasidhukuru kwamba ihsani hiyo huwanyima watoto wao lile hasa lililowasafirisha. Mtoto aliyezaliwa ughaibuni hamjui bibi yake kwa simu. Humjua akiketi naye jikoni, akimtazama akimimina mchele uliosagwa kwa tui na iliki, kisha akipanga makaa juu ya kifuniko hadi mkate uive rangi ya dhahabu.

Baada ya magharibi na wateremke wote Forodhani, bustani iliyofunguliwa upya mwaka 2009, wanywe maji ya miwa yaliyokamuliwa kwa ndimu na tangawizi, wale urojo wenye bajia na kachiri. Na asubuhi wapande mashua kwenda Changuu kuwaona kobe wenye asili ya Ushelisheli.

Nasi wenyeji tusione haya kwa wembamba wa nyumba zetu za Mji Mkongwe. Ikiwa ni Julai, tuwapeleke Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, ambako kwa ada ya watu wa huko yapasa kila nyumba iwe na mgeni siku hiyo.