Mboga za majani si chakula cha aibu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo huenda baadhi ya wasomaji wakaliona dogo, lakini linatutia hasara wengi wetu. Jambo lenyewe ni tabia ya kuzionea aibu mboga za majani.

Mwaka huu baba mkwe wangu alifika nyumbani bila taarifa. Jikoni kulikuwa na sufuria ya sukuma wiki. Nilimwambia mke wangu aifunike, nikamtuma mtoto buchani akachukue kilo moja ya nyama kwa mkopo. Mzee alitafuna vipande viwili tu, kwani meno yake hayamruhusu tena, kisha akauliza kwa upole kama hapakuwa na mboga. Deni lile nililihangaikia hadi mwisho wa mwezi, na mtoto yule yule akakosa daftari. Aibu niliyoikimbia ndiyo iliyonipata.

Kosa hilo halikustahili kufanywa na mtu kama mimi, maana nilikwisha kufundishwa. Mwaka 2012 nilikwenda Addis Ababa, Ethiopia, kwa mafunzo ya ufundi ya miezi minne, nikapanga chumba kwa mama mmoja mjane. Wakristo wa Kiorthodoksi wa nchi ile hufunga Jumatano na Ijumaa, na Kwaresima yao ni siku 55. Katika siku hizo hawali nyama, maziwa, siagi wala mayai. Nilidhani nitarudi nyumbani nimekonda. Sikukonda. Sababu mojawapo ilikuwa mboga inayoitwa gomen, ambayo mama yule aliipika kwa uangalifu ule ule tunaoupa sisi pilau ya sikukuu.

Niliomba anifundishe. Alicheka kuona mwanamume anaingia jikoni kwake, lakini hakunifukuza. Hivi ndivyo alivyofanya, na hivi ndivyo ninavyofanya kwangu. Chukua mafungu matatu ya sukuma wiki, toa vikonyo vigumu, osha, kisha katakata. Katakata vitunguu maji viwili vikubwa viwe vidogo sana, uvitie katika sufuria kavu, bila mafuta, juu ya moto mdogo. Koroga bila kuondoka. Vikianza kushika, nyunyizia kijiko cha maji. Vikilainika na kuanza kubadilika rangi, ndipo utie vijiko vitatu vya mafuta, punje nne za kitunguu saumu kilichotwangwa na tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba. Tia majani, chumvi na maji nusu kikombe, ufunike. Acha yaive taratibu kwa muda wa nusu saa, hata maji yakauke yenyewe. Mwishoni pasua pilipili mbichi mbili uziweke juu. Wao huila kwa injera, mkate wao mpana, laini na wenye uchachu, unaopikwa kwa unga wa teff. Mimi naila kwa ugali, na sijaona tofauti ya shibe.

Ndugu Mhariri, siri ya mapishi hayo ni subira na vitunguu. Mafuta ni vijiko vitatu tu. Sisi wengi wetu hufanya kinyume. Tunachemsha majani kwa maji mengi, tunayamwaga maji hayo pamoja na sehemu ya vitamini, kisha tunajaribu kurudisha ladha kwa kumimina mafuta. Wengine hutia magadi ili yaive upesi, kumbe magadi huharibu vitamini C. Halafu tunasema mboga za majani hazina ladha! Je, ni kosa la mboga au la mpishi?

Sisemi kwamba kila jani lipikwe hivyo. Mchicha ni laini, nao ukikaa motoni nusu saa umeuharibu. Wala sisemi kwamba lazima tukajifunze ugenini, kwani bibi zetu walitupikia kisamvu kwa karanga au kwa nazi, nacho hakikuhitaji kuombewa radhi mbele ya mgeni. Hata hiyo gomen ya Kiethiopia si ngeni kwetu. Loshuu inayolimwa Arusha ni jamaa ya haradali ile ile ya Ethiopia. Mbegu tunayo, maarifa tunayo. Tulichopoteza ni heshima.

Wapo watakaosema kwamba nawatetea wanaotaka maskini waendelee kula majani. La hasha. Nyama ni chakula kizuri, na mwenye uwezo na ale. Ninachopinga ni nyama ya deni inayonunuliwa ili jirani aone. Mama yule alinifundisha pia msemo wa Kiamhari, "gomen betena", maana yake ni heri kula majani ukiwa na afya. Watu wale wanajua vizuri kwamba majani ni chakula cha bei nafuu, na hawafichi. Lakini hawalipui kazi kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo nawaomba akina baba wenzangu tuache kununa tunapowekewa mboga za majani, maana kununa kwetu ndiko kunakowafanya akina mama wazifunike wageni wanapobisha hodi. Tena tuingie jikoni tuvikoroge vile vitunguu wenyewe.

Baba mkwe amepeleka habari kwamba atakuja tena. Safari hii sufuria haitafunikwa.

Fundi Mstaafu,
Arusha.