Shida Yako Si Kinanda

Nina shilingi 85,000. Naanza na hesabu kwa sababu mijadala yetu ya muziki hupenda kuanza na hisia, na hisia hazilipi kodi ya nyumba. Pesa hizi nimezikusanya kwa miezi saba ya kuwaandikia wengine maneno yao: wasifu wa kampuni, matangazo ya ploti, hotuba ya mheshimiwa mmoja asiyelijua hata jina langu. Chuo nilikiacha mwaka wa tatu, kwa hiyo sina cheti cha kuniokoa nikikosea. Na marafiki zangu karibu wote wanaopiga muziki wameshakubaliana, bila kuniuliza, kwamba pesa hizi zinunue kinanda kipya.

Kinanda chenyewe ni Korg opsix, sinthesaiza ya dijitali iliyotoka 2020. Nilicho nacho ni Yamaha DX7 ya mjomba wangu wa Mombasa, aina iliyotoka 1983, miaka mingi kabla sijazaliwa. "Msee, hiyo ni jeneza," aliniambia rafiki mmoja anayetengeneza biti. "Utatoka lini na hiyo kitu?"

Kuna kambi ya pili, nayo inanikera zaidi. Hawa ni wale wanaosema vya zamani ndivyo vyenye roho, vya leo ni plastiki. Ukiwasikiliza utadhani mjomba alirithi DX7 kutoka kwa mizimu.

Nataka kuzijibu kambi zote mbili.

Nianze na wenye roho. DX7 haikuwahi kuwa ya zamani siku ilipofika dukani. Ilikuwa dijitali tupu. Sauti zake hazitoki kwenye waya wala ubao; zinatokana na hesabu ya wimbi moja kulitikisa jingine, mbinu ambayo John Chowning aliigundua Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967 na Yamaha wakaja kuinunulia haki. Ilipoingia studio ikaifukuza piano ya umeme ya Rhodes, na wapenzi wa Rhodes wakalalamika kwamba mashine hii ni baridi, haina roho. Pwani nako, kinanda cha umeme kilipoingia kwenye bendi za taarab, kazi ya akodiani ikahamia humo, na wapo walionuna. Kwa hiyo hicho mnachokiita roho leo ndicho kilichoitwa muuaji wa roho jana. Kwani roho huingia kwenye mashine ikitimiza miaka mingapi?

Sasa wapenda vipya. Hawa nitawapa haki yao, kwa sababu wanayo. DX7 ni mateso kuitengenezea sauti. Ina opereta sita, yaani vyanzo sita vya mawimbi, na njia 32 za kuviunganisha, na vyote hivyo unavitengeneza kwa vitufe bapa, kitelezi kimoja cha kubadilisha thamani, na kiskrini kisicho na taa. Opsix nayo ina opereta sita, lakini kila mmoja ana kitelezi chake na kirungu chake. Unaona unachokifanya. Ina vichujio na mwangwi ndani yake, vitu ambavyo DX7 haina. DX7 hutoa sauti 16 kwa mpigo, opsix 32. Ungekuwa unaanza leo, huna kitu, ningekwambia nunua hiyo mpya na usiombe msamaha kwa mtu.

Ila opsix ina vibonyezo 37. DX7 ina 61. Rafiki yangu anasema hiyo si hoja, kwa sababu biti unatengeneza kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika kipanya. Sawa, lakini mjomba alipiga harusi Majengo, mkono wa kushoto besi, wa kulia wimbo, na hakuna mtu aliyemwambia bi harusi asubiri kidogo abadilishe oktavu.

Hata hivyo vibonyezo si kiini cha neno langu. Kiini ni hiki: sauti inahama, ujuzi hauhami.

Ndani ya DX7 kuna nafasi 32 za kuhifadhi sauti. Kati ya hizo, 11 alizitengeneza mjomba mwenyewe. Jina la sauti halizidi herufi kumi, kwa hiyo kaziita ZUMARI 2, KANUNI, MSONDO. Zote zinashikiliwa na betri moja ya volti 3 iliyolehemewa ndani. Betri ikifa, kazi ya miaka yote hiyo inafutika. Nilipolijua hilo sikulala. Asubuhi nilitafuta kebo ya MIDI nikazihamishia kwenye kompyuta. Unajua uzito wake? Sauti zote 32, baiti 4,104. Picha moja unayoituma WhatsApp ni kubwa mara nyingi kuliko maisha ya mjomba wangu kwenye kinanda.

Na opsix inaweza kuzisoma baiti hizo. Nikiinunua kesho, ZUMARI 2 italia humo, karibu vilevile. Ndiyo maana siwezi kudai eti sauti ya mjomba imo kwenye chuma chake. Haimo.

Basi nini hakimo kwenye zile baiti? Nilipopiga ZUMARI 2 mara ya kwanza haikuwa zumari. Ilikuwa filimbi ya kuchezea watoto. Nikampigia mjomba nikalalamika. Akacheka. Akaniambia zumari haikai kwenye noti, inakaa katikati ya noti, na katikati hapo unafika kwa gurudumu la mkono wa kushoto, kidogo sana, kabla kidole cha kulia hakijatua. Kabla, mwanangu, si baadaye. Nimelijaribu jambo hilo wiki tano. Ninalipata mara moja katika kila mara kumi.

Opsix nayo ina gurudumu. Lakini halitaniuzia hizo mara tisa ninazozikosa.

Hapo ndipo nagombana na biashara hii nzima ya kulinganisha. Video baada ya video, kipya dhidi ya cha zamani, kipi kina bei nafuu, kipi kina sauti nene. Swali hilo linamfaa muuzaji, kwa sababu kila jibu linaishia dukani, duka la vipya au la mitumba. Kijana wa Umoja au Kisauni anatoka hapo akiamini kwamba kati yake na muziki kuna shilingi laki moja tu. Akizipata, ananunua, anapitia sauti za kiwandani mwezi mmoja, anachoka, anaanza kutafuta nyingine. Nawajua, na mimi nimekuwa mmoja wao.

Hailu Mergia wa Ethiopia alirekodi kaseti mwaka 1985 akiwa Washington: akodiani, Rhodes, Moog, na DX7 iliyokuwa bado mpya. Hakuuliza kipi kimemshinda mwenzake. Aliweka akodiani ya ujana wake juu ya mashine ya kisasa, akapiga. Baadaye akawa dereva wa teksi huko huko, akibeba kinanda kwenye buti, akifanya mazoezi akisubiri abiria wa uwanja wa ndege. Kaseti ile ilipotolewa upya 2013 na dunia ikamtafuta, vidole vyake vilikuwa tayari.

Kwa hiyo sinunui. Fundi wa Luthuli atabadilisha betri. Nitanunua transfoma nzuri, maana kinanda hiki kililetwa na baharia kutoka Japani, kinataka volti 100, na ukikichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu umekizika. Pesa inayobaki ni kodi ya miezi mitatu na ushee. Miezi mitatu ya kukataa kazi za usiku na kuamka saa kumi na moja asubuhi, nikae na gurudumu lile kabla ya kuandikia watu. Mamangu anaona ningeirudishia chuo. Labda. Kinanda chenyewe kinaweza kufa kabla ya miezi hiyo kuisha. Hapo nitatafuta hiyo opsix, nimwage baiti 4,104 ndani yake, niendelee nilipofika.

Jana mjomba alipiga simu. Siku hizi vidole vyake vimekaza, hapigi tena.

"Umefika sauti ya ngapi?"

"Ya nne, mjomba."

"Ya nne bado rahisi. Nipigie ukifika ya tisa."