Mcheza Kwao Hutunzwa

Wahenga walinena: mcheza kwao hutunzwa. Methali hii twaitumia kumhimiza msanii ashike mila za kwao. Ni mara chache tunapokumbuka kuwa inawapa wajibu pia hao wa kwao, yaani kumtunza.

Marehemu Kofi Ghanaba, mpiga ngoma wa muziki wa jazi, alizaliwa Accra mwaka 1923, Ghana ikiwa bado koloni la Waingereza. Alipewa majina ya Warren Gamaliel, kwa kufuata jina la Harding, Rais wa Marekani. Baada ya kupiga katika bendi ya Tempos pamoja na E.T. Mensah, alikwenda Marekani akijulikana kama Guy Warren. Mwaka 1956 ilitoka santuri yake, Africa Speaks, America Answers, ambamo midundo ya Kiafrika ilikutana na ala za jazi.

Angeweza kutafuta riziki kwa kuwaiga wapiga ngoma mashuhuri wa Marekani. Hakukubali. Alirejea kwao, na mwaka 1974 akaliacha jina la Guy Warren, akajiita Ghanaba. Mahali pa ngoma za kizungu aliweka fontomfrom, ngoma kuu za mabaraza ya wafalme wa Kiakan. Tena alikusanya vitabu, picha na santuri, akaanzisha maktaba ya urithi wa Afrika. Alifariki Desemba 2008.

Hebu tutazame upande wa pili. Mwaka 1962 Bert Kaempfert, kiongozi wa okestra kutoka Ujerumani, aliupiga wimbo mmoja wa Ghanaba kwa jina la That Happy Feeling, ukaenea nchi nyingi. Je, ni wangapi miongoni mwetu walioucheza wakijua kuwa mtungaji wake ni Mwafrika?

Ndugu wasomaji, twawakemea vijana wetu wa bendi kwa kasumba ya kuiga, na kukemea huko ni haki. Lakini kijana aishikaye ngoma ya babu yake atakula nini, ikiwa twamwita kwenye sherehe zetu kisha twamlipa kwa makofi na chupa ya soda? Apewe ujira wake. Redio zimpige na kumtaja jina. Shule zimwalike afundishe, na kanda zake zihifadhiwe angali hai. Tukishatimiza hayo, ndipo tutakapokuwa na haki ya kumlaumu yule anayeiga.